Raba Zako Zinatazama Mlango

Dada yangu Saumu,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuitikia marahaba, lakini siwezi kukuanza vingine. Hata uliponikera nilikuamkia kwanza, ndipo nikakununia.

Nakuandikia nikiwa sebuleni kwetu hapa Chumbageni, nimeupa mgongo mlango kwa makusudi. Ulipokuwa ukisoma Kijerumani ili uende ukafanye uuguzi, uliibandika nyumba nzima karatasi za maneno: dirishani, kwenye jokofu, hata kwenye mtungi wa mama, mpaka akakuuliza kama naye utambandika. Nyingi zimebanduka zenyewe kwa joto. Iliyogoma ni ile ya ukutani, juu ya mahali pa kuvulia viatu. Schuhe. Viatu.

Nakumbuka ulivyonifundisha kuliandika. Kimoja Schuh, vingi Schuhe. "Sisi wingi tunautia mbele, wenzetu wanautia nyuma," ulisema. Mimi nikaandika kwa sikio, shue, ukanigonga kidole kwa kalamu. Ukanambia ile h ya pili haitamkwi ila ipo, nisiiruke. Mama akadakia kutoka jikoni, "Mbona shule, nalo neno lao, walituachia ikasemeka? Hivyo viatu wamevitia nini?" Tulicheka mpaka wali ukashika ukoko.

Siku hizo ulikuwa umenunua raba nyeupe za kazi, za mtumba, pale Tangamano, ukawa unatembea nazo humu ndani ili zizoee miguu. Mama hakupenda. "Viatu vya nje, ndani ya nyumba ya watu wanaoswali?" Nilidhani ni raba tu zilizomkera. Kisha homa ikakushika, tukakuzika Mwera karibu na bibi. Baada ya arobaini mama aligawa nguo zako zote sadaka. Raba hakuzigusa. Zilibaki chini ya karatasi yako, ncha zikitazama ukuta, vile vile ulivyoziacha.

Ila hazikukaa hivyo. Asubuhi moja nilizikuta zimegeuka, ncha zinatazama mlango, zimepangwa sawasawa kama viatu vya maalim pale chuoni tulikosoma Kurani, tulivyokuwa tukishindana kumgeuzia ili akitoka avivae tu aende zake. Nikazirudisha. Kesho yake zimegeuka tena. Niliogopa, dada. Nikawa navaa viatu vyangu haraka haraka bila kutazama chini, nafika dukani ninakouza kamba hazijafungwa.

Woga wangu ulikuwa na sababu, nawe nikufiche nini. Nimeshika njia yako. Nimepata nafasi ya kwenda kusomea uuguzi huko huko Ujerumani, na mama nilikuwa sijamwambia. Ningemwambiaje, na nyumba hii tumebaki mimi na yeye? Nilikuwa najifungia chumbani kwetu, nasoma maneno kwa sauti ya chini, na lile lako la ukutani ndilo la kwanza. Kila raba zilipogeuka nilikusikia ukisema hiyo safari ni yangu, niachie. Nikaanza kufikiria kuikataa ile nafasi.

Juzi, baada ya swala ya alfajiri, nilisikia mchakacho sebuleni, nikachungulia. Mama alikuwa amepiga magoti na shungi lake la kuswalia, anazipangusa raba zako kwa ncha ya kanga, anazigeuza moja moja.

"Mama, kumbe ni wewe?"

Hakushtuka. "Nilikuwa nikiomba asiende," akasema. "Kila swala. Niliomba abaki hapa hapa nyumbani. Na kweli hakwenda." Akaipanga ya pili kando ya mwenzake. "Sasa namsikia chumbani anasoma maneno yake. Basi namgeuzia viatu. Namwambia nenda, mwanangu, nimekuruhusu."

Unajua sauti zetu zilivyofanana, hata wajomba kwenye simu walituchanganya. Nilimshika tu mkono, tukakaa sakafuni mpaka muuza maandazi akapita. Nilimhurumia mama kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu, na nilikuonea wivu wewe uliyepewa ruhusa.

Jana jioni nikajikaza. Nikamwambia, "Mama, unayemsikia chumbani ni mimi." Nikamweleza yote. Akaendelea kukuna nazi, tukala, akaenda kulala bila kuniaga.

Leo asubuhi raba zako zilikuwa zinatazama mlango kama kawaida. Kando yake vilikuwa viatu vyangu vya kuendea dukani, vimepanguswa vumbi, kamba zimefunguliwa tayari kwa kuvaliwa, navyo vinatazama mlango. Mama yuko jikoni anakoroga chai. Ndiyo maana nimekaa hivi, mlango uko mgongoni. Nimevitazama mara moja tu, nikashindwa.

Naogopa bado. Naogopa ruhusa hii inavyofanana na ile yako. Lakini nitavivaa, dada. Vyangu nitaondoka navyo, raba zako nitaziacha pale pale chini ya karatasi yako, ili asubuhi awe na cha kugeuza. Chumba chetu kitakuwa kimya, na sijui atasikiliza nini. Kama kweli huwa unakuja, usije kwangu huko. Mimi nakwenda. Wewe baki na mama, kama alivyoomba.

Mdogo wako tuliyelala chumba kimoja.