Utosi Wangu na Mashine ya Cheche

Jumatatu, Mei 4, 1914
Tena kwa daktari wa Kidachi, nyuma ya boma. Nimekaa kitini na shuka shingoni kama bwana harusi anayenyolewa. Akabandika unyasi kwa nta utosini, pale jiwe la Mgeta liliponipasua ujanani. Ngozi ilifunga, mfupa ukagoma. Panadunda kama kwa mtoto mchanga. Damu ikipanda ubongoni, unyasi unapanda, unachora kwenye karatasi ya masizi. Kisha ikawashwa mashine ya simu isiyo na waya. Cheche! Tatata! Mzee mzima natamani kesho ifike.

Jumatano, Mei 6
Wadachi wanataka kusimamisha mlingoti wa simu hiyo Kilakala, kwenye migomba yetu. Shamba si langu, la ukoo wa mke wangu. Likipotea, shemeji zangu watanirudisha kwetu Mgeta na mkeka mmoja. Daktari anasema cheche zikivuruga damu ya kichwa, mlingoti hautakaa karibu na watu. Basi nikaomba zivuruge. Zimevuruga! Unyasi uliruka kama panzi. Nimerudi nikiimba. Mke wangu akauliza nimekunywa wapi.

Ijumaa, Mei 8
Nimegundua kitu! Anayezungusha mashine ni Masanja, Mnyamwezi, mtani wangu. Kila akishika mpini ananitukana, haki yake. Leo: "Mzee, kwenye hilo tundu mkeo anapanda mchicha?" Nikamwambia afadhali tundu kuliko kichwa chake, kimebeba pembe za ndovu hadi kimekuwa bapa. Unyasi ukaruka. Mara mkanda wa mashine ukakatika. Cheche hakuna, matusi yanaendelea. Nikatupa jicho kwenye karatasi: unyasi unaruka vilevile! Daktari ameinamia mkanda, hana habari. Kumbe si cheche. Ni Masanja! Mimi niliyefukuzwa na mapadri kwa kuigiza mahubiri yao, nimemshinda Mdachi. Sisemi. Shamba limepona.

Jumamosi, Mei 9
Balaa. Masanja ametafsiri maneno ya daktari, na hakucheka. Mlingoti hauhami. Watakaohama ni watu. Nyumba zote za pale, kwa ajili ya damu yangu! Jaribio la mwisho Jumatatu.
Mjinga mimi. Kumweleza daktari? Karatasi yake inasema cheche, mimi nani? Kumwomba Masanja anyamaze? Mtani haombwi. Ukimwomba anaongeza.
Nimemwambia mke wangu yote. Akasema, "Ukicheka, kachekee Mgeta."

Jumatatu, Mei 11
Nimekaa. Masanja akaingia, akainama.
"Shikamoo, mzee."
Mnyamwezi kuniamkia mimi! Kwa adabu! Nikauma ulimi hadi nikaonja chumvi. Unyasi ulitikisika mara moja, mashine haijazungushwa bado. Kisha cheche. Tatata. Masanja kimya, macho kwenye gurudumu, jasho linamtiririka, mashavu yamemjaa kama ameficha kiazi. Nikafumba macho, nikahesabu migomba. Mmoja mmoja. Wamerudia mara tatu. Mstari kwenye karatasi umelala, vilima vidogo vidogo, sawa kabisa na kabla ya cheche. Daktari akatupa kalamu. Nilitaka kupiga vigelegele kama mwanamke!

Ijumaa, Mei 15
Hakuna anayehama. Migomba minne imekatwa kupisha mlingoti, mingine ipo. Mke wangu kapika mchicha. Nyama imejaa upande wangu.
Masanja alipita, akamkamata jogoo wangu bila kuomba. Anasema naye aliiona karatasi siku mkanda ulipokatika, na kunyamaza kulimuumiza mbavu. Akaniita kibuyu kilichotoboka, akaenda zake.
Nimejishika utosi. Unadunda taratibu. Kwangu cheche hazikufanya kitu. Vichwa vingine sivijui.
Milimani mvua inanyesha.