Shamba Moja, Zao Moja

Kijijini Keza, Jumatatu

Programu ya wakulima imekataliwa, na aliyeikataa ni Editha, mwanangu wa kumzaa mwenyewe!

Leo yule bwana aliyeandika karatasi ya mahitaji, yaani mambo ambayo programu inatakiwa kufanya, alikuja kutuonyesha wakulima. Msomi mzima, shamba halijui. Akanipa simu: "Mama, chagua zao lako." Nikasema nina migomba, chini yake maharage, pembeni mihogo.

"Chagua moja tu, mama."

"Kwa hiyo ning'oe migomba ili simu yako ifurahi?"

Akina mama walicheka mpaka akajifuta jasho.

Editha ndiye mjaribu wa programu yao. Tangu mwanzo aliomba kukaa na waandishi wa karatasi wakiandika, wakamwambia wajaribu huja mwishoni. Mwishoni! Kama kuonja mchuzi wageni wakishanawa mikono. Leo bwana akamwamuru, "Weka tiki kwamba imepita, karatasi inasema zao moja." Binti yangu, mbele ya mkubwa wao: "Karatasi ndiyo yenye kosa. Siweki."

Nilijivuna, lakini nikamwogopea. Mkataba wake unaisha mwezi huu, na yule bwana ana maneno. Wakimwacha, mimi wa darasa la saba nitamtetea wapi...

Jioni Editha amenipigia. Mkubwa amekubali kosa ni la karatasi, na mkataba umeongezwa! Karatasi itaandikwa upya, waandishi na wajaribu pamoja, wakiwa wamekaa humu humu kwenye migomba yangu. Mkubwa, Editha, na bwana Zao Moja mwenyewe, wote wanakuja Alhamisi asubuhi.