Kwa Baba Yetu Benedict Ndaki, Aliyeketi Kando ya Wenzake

Mwaka umetimia, Baba, tangu tulipokulaza katika udongo wa Samuye. Watu wanatuambia tumeshazoea. Hatujazoea. Mama bado analala upande mmoja wa kitanda, na chai bado anaitia tangawizi nyingi kama ulivyoipenda wewe, ingawa yeye inamchoma koo.

Tulipokuwa Rwamgasa, nyumba yetu ya kupanga haikuwa na jioni ya peke yetu. Tangu wafanyakazi wa kiwanda cha kuchenjua dhahabu walipokuchagua uwe mwakilishi wao wa chama, kila mwenye shida alijua mlango wetu. Huyu kanyimwa likizo ya uzazi, yule kapewa onyo kwa kosa la mwenzake. Uliwasikiliza wote, ugali ukipoa mbele yako. Mwenye kosa hukumficha. "Hapa umekosea, Makoye. Kesho utaomba radhi, na mimi nitakuwepo."

Na mtu akiitwa kwenye kikao cha nidhamu, asubuhi yake ulinyoa ndevu, ukavaa shati la kanisani, ukaenda kuketi kando yake. Ulisema mtu akiwa peke yake mbele ya mabosi husahau hata ukweli wake mwenyewe.

Mwenzenu mmoja kiwandani, jina lake Sikujua, hakukupenda. Wakati wa uchaguzi alipita kila kona akisema umenunuliwa na mwajiri. Kisha mkanda wa mtambo wa kusagia mawe, ambao kinga yake ilikuwa imeng'olewa na haikurudishwa, ukamla mkono wa kulia. Alipotoka hospitalini akakuta anashtakiwa kwa uzembe. Mama alikuuliza kama utamtetea hata huyo.

"Ni mwanachama," ukamjibu. Halafu ukafikiri kidogo. "Na hata asingekuwa mwanachama, mkono ni mkono."

Ulimpigania mpaka akabaki kazini, akahamishiwa stoo. Lakini hukuishia hapo. Wakubwa ulikuwa umewaambia habari ya ile kinga hadi umechoka, basi safari hii ukawaambia wenzako wasiuwashe mtambo mpaka irudishwe. Wakakusikiliza. Kinga ikarudishwa, na wewe ukaitwa kikaoni kwa kuchochea mgomo.

Ikawa sasa ni zamu yako kutafuta mtu wa kuketi nawe. Mmoja alisema mkewe ni mjamzito. Mwingine alizima simu. Sikujua alikuona kwa mbali, akageuza njia. Mama ndiye aliyekusindikiza, naye akazuiwa getini.

"Na wale wote uliowatetea?" alikuuliza.

"Wana watoto, Mama Loveness. Usiwachukie."

Ukaingia peke yako. Ukatoka huna kazi, na kadi ya bima imechukuliwa.

Tulirudi Samuye kulima. Kile kikohozi ulichotoka nacho kiwandani, tulichokuwa tukikiita mafua, kikaanza kutoa damu. Daktari alisema ni vumbi la miaka mingi, limeyala mapafu. Shauri lako ulikuwa umelipeleka tume ya usuluhishi, nalo likawa linaahirishwa, na kila mara ulikwenda, umeshikwa mkono na Mama. Siku ya kutoa ushahidi ulipumzika kwenye ngazi mara kadhaa kabla ya kufika juu. Uliongea kwa sauti ndogo, lakini uliongea yote. Baada ya hapo ilibaki kungoja uamuzi, na wewe hukuweza kungoja.

Siku ya mazishi Sikujua alikuja. Aliketi nje ya ua, mbali na wanaume wenzake, na chakula hakugusa. Mama alipoambiwa, aliinuka msibani, akampakulia ugali na maharage, akampelekea mwenyewe. Akala kwa mkono wa kushoto. "Wabeja, mayu," alishukuru kwa Kisukuma, kisha akalia. Mama alikaa naye. Hakusema kwamba amemsamehe. Anataka ujue, Baba, kwamba ulichomwomba pale getini bado anajaribu.

Masika yalipokuwa yanakwisha, Esta, aliyechaguliwa kushika nafasi yako, alipiga simu. Mama alikuwa uani anapepeta mtama.

"Shikamoo, Mama Loveness."

"Marahaba, mwanangu."

"Uamuzi umetoka," alisema. "Tume imeona Baba alionewa. Imeagiza arudishwe kazini."

Mama aliweka ungo chini. Tulidhani atalia. Aliishika simu kwa mikono miwili akauliza taratibu, kama mke anayetaka kujua aandae nini:

"Arudi lini?"



Unakumbukwa na mkeo Apolonia. Wanao Loveness, Clemens na Evelina. Dada yako Martina wa Ngokolo. Wakwe, wajukuu na majirani wa Samuye. Na wale wa Rwamgasa ambao wangependa kutaja majina yao hapa lakini bado wako kazini. Misa ya kukuombea itasomwa nyumbani Jumamosi hii asubuhi.

Pumzika, Baba. Maadamu tunapumua, hutasahaulika.