Watoto Walivyoiamkia Selo

Mdogo wangu Rehema,

Mnaendeleaje na hilo joto la Tanga? Mimi naandika nimevaa soksi mbili mbili. Shule niliyokwenda kupiga muziki leo, jirani na Tosamaganga, ilikuwa imemezwa na ukungu. Walinipa kikombe cha uji wa ulezi, nikakikumbatia kwanza ili vidole vipate moto.

Nilipoingia uwanjani na selo, ile fidla yangu kubwa, mgongoni, kwenye lile kasha jeusi unaloliita jeneza, kelele zote zikakatika. Wavulana wakavua kofia. Watoto wakasimama vichwa chini, kama msiba unapita. Mwenzio niliogopa! Nikalifungua upesi kabla hawajaanza kulia.

Nikaiweka katikati ya magoti, nikavuta uta taratibu kwenye uzi ulio mnene kuliko zote. Ikatoka sauti nzito, hadi benchi nililokalia likatetemeka. Kabinti ka darasa la kwanza, pale mbele kabisa, kakapiga goti.

"Shikamoo, babu."

Hakuna aliyecheka. Shule nzima ikaitikia nyuma yake, "Shikamooo!", macho kwenye selo, si kwangu.

Ningefanyaje? Nikarudi kwenye uzi uleule, nikavuta mara nne, polepole: ma-ra-ha-ba. Wakaelewa, Rehema! Wakakaa chini, wametulia, kama wajukuu wanaosubiri hadithi. Miaka yote hii naipiga, sikuwahi kuisikia ikimjibu mtu.

Mbusu mama kwa niaba yangu, na mle vizuri. Nikirudi na babu huyu wa nyuzi, usiliite tena kasha lake jeneza. Mwamkie.

Dada yako,
Neema