Salamu Ulizowanyima Wageni

Papa wangu,

Kifuniko cha injini cha yule dereva wa pikipiki kimekubali nikeli. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama tumekula.

Tangu tulipokuzika, uani hapakosi wageni. Wengine ni wa hapa Lumumba, wengine wanatoka Fataki, wanakaa na Mama na kumwimbia. Yaya Dieudonné, mwanao mkubwa, alishika mara moja kazi yako ya kuvika vitu nikeli. Alijitahidi, Papa. Lakini nikeli yake ilibanduka kama ganda la kitunguu, na pale ilipobaki palikuwa na vishimo vidogo vidogo. Dereva alirudisha kifuniko. Mama akasema kikibanduka tena, beseni zako zitachukuliwa na mnunuzi wa Nyankunde. Nikawaza kwamba harufu yako itaondoka nazo.

Vishimo nilivielewa upesi. Weye ulikuwa unatikisa kila kitu ndani ya maji ya nikeli ili mapovu yasikae, maana pale povu linapokaa nikeli haifiki. Yaya alikuwa anakitumbukiza na kukiacha. Nilimwambia kwa ile sauti yangu ndogo unayoijua, akaniomba nirudie, kisha akasikia.

Lakini kule kubanduka... Nilitafuta katika kitabu cha kemia cha shule, sikupata kitu. Halafu Jumapili, nikiwa nimejificha nyuma ya wageni, nikamwona Yaya akitoka kusuuza bombani, pale kwenye mlango wa ua, kifuniko alichokwisha kukivika zinki. Alikuwa anakipeleka ndani kwenye nikeli. Mama mmoja akainuka kumpa pole. Yaya akasimama, akampa mkono. Akampa na mwingine, akauliza habari za watoto, kama tulivyolelewa. Kifuniko kikamkaukia mkononi.

Hapo nikakuona, Papa, kama zamani, ukivuka uani na kitu kinachodondosha maji, bila kumtazama mtu. Hata pasta ulimpita. Majirani walikuwa wanasema, “Huyu muzee, salamu yake iko bei kali.” Baadaye ulirudi, mikono imeoshwa, ukawasalimia wote. Mimi uliniambia siku moja, “Aliminyumu iko na haya kama weye. Ukiivua, inajifunika mbio.” Ngozi hiyo ambayo aliminyumu ya kifuniko inajifunika nayo hatuioni, lakini nikeli haiwezi kushika juu yake. Zinki inaikinga njiani, mradi isikauke.

Nilipomweleza Yaya, alikubali, ila akasema hawezi kuwapita wazee wa ukoo hivyo. Basi tukaanza upya, na kifuniko nikakibeba mimi. Nilipita katikati yao wote, maji yakidondokea viatu vyangu vya shule. Dada yako mkubwa akaniita kwa jina. Sikuitika. Nyuma yangu nikamsikia akisema, “Angalieni, ni baba yake kabisa.” Sijui kama alikuwa analia au anacheka. Mimi nilikuwa nafanya yote mawili.

Yaya amekikwaruza kwa kisu, nikeli haikutoka. Mama amemtumia mnunuzi ujumbe asije.

Pumzika, Papa. Nakuahidi nitavuka uani kila mara bila kusalimia, na kila mara nitarudi kuwasalimia mmoja mmoja, hata kama sauti yangu haisikiki. Leo nimeanza na weye. Mikono nimeshaosha.

Binti yako,
Neema