Bahasha Iliyokuwa Inanikonyeza

Nkowe, Jumanne, Februari 2007

Manyunyu tangu alfajiri, na sioni dalili ya kukatika. Somoe kalala kwenye mkeka na viatu vyake vyekundu miguuni. Nilijaribu kumvua, akalia kama anayeibiwa. Basi, nimemwacha alale navyo. Miezi minane, hata kusimama hajajua, kazi ya viatu ni nini.

Naandika kwenye daftari lililobaki kurasa za mwisho. Nikifika mjini nitamwomba mtu wa kompyuta ayaingize mtandaoni, asome atakayesoma. Leo sitaki kuongea na mtu.

Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Labda nianze na simu yenyewe. Alinitumia Baba Somoe kutoka Dar es Salaam, alikokwenda kuwa saidia fundi kwenye majengo nikiwa na mimba ya miezi mitano. Aliitia kwenye soksi, soksi akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo akampa kondakta wa basi. Kondakta akamwachia wifi yangu Asha, dada yake Baba Somoe, anayeuza maandazi stendi ya Ruangwa. Ilinifikia inanuka maziwa. Simu ndogo nyeusi ya tochi, haina boksi, haina kitabu cha maelezo.

Aliyenifundisha ni Mama Zuhura, mwenye duka hapa kijijini, anayechajia watu simu kwa betri ya gari. Somo lenyewe lilikwisha kabla hajamaliza kumpimia mteja sukari. "Kijani pokea, nyekundu kata. Meseji ikiingia bonyeza hapa, usome. Kuandika hapa. Tochi hapa. Umeshajua wewe, nenda zako." Nikaona kweli nimeshajua. Darasa la saba nilimaliza, kusoma nasoma. Ila maneno ya ndani ya ile simu yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu kiliishia kwenye kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Nyumbani kwetu mtandao haufiki. Unafika juu ya kichuguu kilicho nyuma ya mikorosho ya baba mkwe, na hapo usimame upande wa barabarani, ukigeuka tu umepotea. Kila asubuhi nilikuwa napanda na Somoe mgongoni. Nawasha simu, nangoja. Meseji ikiingia naisoma, naisoma tena, halafu nazima simu ili chaji inifikishe wiki.

Vocha haikuwa kitu cha kila siku, kwake wala kwangu. Kwa hiyo tulikuwa tunabipiana. Unapiga, ikiita mara moja unakata, hakuna kilicholiwa. Bipu yake kwangu ilikuwa na maana kwamba anatukumbuka. Mimi namrudishia yangu, kwamba na sisi tunakukumbuka. Hatukuwahi kukaa tukakubaliana hivyo. Ilikuja yenyewe, kama mtu anavyozoea kukohoa kidogo mlangoni kabla ya kupiga hodi.

Na meseji zake nilizitunza zote. Kufuta sikujua, na hata ningejua nisingefuta. Mtu hajamwona mume wake mwaka mzima, atafutaje maneno yake? Ilikuwepo ya "umekula?" Ilikuwepo ya "huku mvua kubwa tumelala juu ya mbao". Ilikuwepo ile aliyoniandikia Somoe alipozaliwa: "mwite somoe jina la bibi yangu mwambie baba yake hajalala leo kwa furaha". Na ilikuwepo moja ya Kiingereza, ndefu, ambayo niliitunza nikisema siku moja nitampata wa kunisomea, huenda kaniandikia jambo zito.

Wiki mbili tatu zilizopita, kwenye pembe ya kioo kikatokea kibahasha. Kinawaka, kinazima. Kinawaka, kinazima. Nikaenda kwenye meseji, hakuna jipya, zilezile zangu. Nikasema moyoni, basi hii ni alama kwamba barua zake zimo, ziko salama. Nikamwonyesha Somoe. "Ona, baba anakukonyeza." Akakigusa kwa kidole, akacheka mpaka udelele ukanimwagikia shingoni. Ukawa mchezo wetu. Kila asubuhi juu ya kichuguu, baba anakukonyeza.

Naona aibu kuliandika hilo. Ila ndivyo ilivyokuwa.

Tangu kibahasha kilipotokea, meseji zikakatika. Bipu zilikuja, maneno hakuna. Nilinunua vocha nikamwandikia "mbona kimya". Kimya. Mama mkwe akaanza kunisema kwa Kimwera, akijua mimi wa Nachingwea nakipata nusu tu, na ile nusu niliyoipata ilitosha. Mwanamke anayejua kutunza mume haachwi na simu mkononi. Na mimi mwenyewe, niseme ukweli, nilishaanza kumwazia vibaya Baba Somoe. Nilishampa mwanamke mwingine kichwani mwangu, nikampa mpaka rangi ya kitenge chake.

Kumbe.

Jumamosi asubuhi nilikuwa kichuguuni kama kawaida. Simu ikaita mara moja ikakatika. Ni yeye. Hasira yote ikaniyeyuka, mimi sijui hata kuwa na msimamo. Nikambipu na mimi. Nikamwambia Somoe baba katukumbuka. Halafu nikabonyeza nikazima simu, nikaifunga kwenye pindo la khanga, nikaenda shambani kupalilia karanga. Nilikuwa naimba. Nakumbuka kabisa kwamba nilikuwa naimba.

Jumapili akaja wifi Asha, kapakiwa kwenye baiskeli kutoka Ruangwa, uso umemvimba. Hakukaa. Akanitupia mfuko wa rambo.

"Viatu vya mwanao hivyo. Kaka kaniachia."

"Kaka yupi? Yupo wapi?"

"Usinifanye mtoto, wifi. Jana mtu kasimama stendi tangu saa mbili mpaka alasiri, lori zima linamngoja yeye. Wenzake wanamcheka, dereva anapiga honi. Yeye anawaambia subirini, mke wangu kanibipu, yuko njiani na mtoto. Kila baiskeli ikitokea anakimbilia. Ulimbipu au hukumbipu?"

Nikasema nilimbipu.

"Sasa una roho gani wewe?"

Nikamwambia sijapata meseji yoyote, hii hapa simu, angalia. Akasema meseji si mbuzi, haikati kamba ikapotea. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Akauokota ule mfuko, akaingia nao ndani.

Jana duka la Mama Zuhura lilikuwa limefungwa, alikwenda msibani. Leo nimefika kabla hajafungua, nimeloa, Somoe nimemfunika kwa nailoni. Nikampa simu. Akaitazama mara moja tu.

"Ee, Mama Somoe! Hii bahasha inawaka tangu lini?"

Nikamwambia.

"Na wewe unaitazama tu? Simu yako imejaa. Humu zinakaa kumi, basi. Hii inakwambia nina mzigo mlangoni, nipishe niingie."

Nikamuuliza mbona hukunifundisha siku ile. Akasema na wewe hukuuliza. Ni kweli, sikuuliza. Mtu unaulizaje kitu ambacho hujui kama kipo?

Akaniambia futa moja, iingie moja. Nikamwambia nisomee kwanza ile ya Kiingereza, nisije nikafuta kitu cha maana. Akamwita mwanae Zuhura, yuko sekondari, akaisoma huku anajizuia kucheka. Ilikuwa ya watu wa laini. Wananikaribisha kwenye mtandao wao na kunitakia siku njema.

Miezi yote hiyo nimewatunzia nafasi, watu wasionijua hata jina.

Nikafuta. Simu ikatetemeka palepale. "mama somoe kazi huku imeisha tajiri anatupeleka msumbiji kujenga, nitakwambia siku". Bahasha bado inawaka. Mama Zuhura akasema zilizokaa mno huwa zinapotea, hizi ndizo zilizowahi. Kwa hiyo zipo nyingine alizoniandikia ambazo sitazijua maisha yangu yote.

Nikaomba kalamu. Nikafungua daftari, nikanakili "umekula?" nikaandika na siku niliyoikumbuka, ndipo nikaifuta. Ikaingia nyingine: "jumamosi asubuhi lori linapita ruangwa linakaa masaa mawili tu. njoo stendi na somoe nimuone kabla sijavuka. kama unakuja nibipu".

Kama unakuja nibipu.

Nilikaa kwenye gunia la chumvi. Mama Zuhura aliacha alichokuwa anapima.

Yeye alibipu kuniuliza unakuja? Na mimi nikambipu kumwambia tunakukumbuka. Bipu ni bipu, haina sauti. Ile moja kwake ikawa naam, na niliporidhika nikazima simu nikaenda kuimba kwenye karanga. Akipiga sipatikani, akajua niko njiani, bondeni, mtandao haufiki. Kila saa niliyochelewa alijitafutia sababu ya kunitetea mbele ya wenzake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Angenitukana mapema ingekuwa afadhali.

Nikanakili ya mvua na mbao. Nikafuta. "uko wapi dereva kakubali kidogo tena". Nikanakili nyingine, nikafuta. "viatu namuachia asha". Zuhura akataka kunisaidia kuandika, nikakataa. Ni maneno yangu hayo, hata kuyafuta nifute mwenyewe.

Na bahasha ikaendelea kukonyeza.

Zilikuwa zimebaki za zamani chache. Nikanakili ya juu, nikafuta, ikaingia ya mwisho. Aliiandika Jumamosi jioni. Naona lori lao lilipita Nachingwea, likasimama kujaza mafuta, yeye akakimbia kwa mama yangu. Maskini mama, yule anayeogopa kuishika hata simu ya jirani, ana ile picha ya Somoe tuliyopiga studio siku arobaini zilipotimia. Meseji yote hii hapa, sijaongeza neno:

"nimeona picha kwa mama. masikio yangu kabisa. sasa kwanini ulinibipu"

Bahasha ikazimika.

Nimepiga palepale dukani, vocha nzima ilikuwemo. Yule dada wa kwenye simu akasema hapatikani. Nimepiga tena nikiwa kichuguuni, kwenye manyunyu. Hapatikani. Mama Zuhura anasema wakishavuka Ruvuma laini ya kwetu haishiki, mpaka mtu anunue ya hukohuko. Meseji nimemwandikia hata hivyo, ndefu, nimemweleza yote, bahasha, kumi kujaa, karanga. Nilipoisoma kabla ya kutuma niliona inafanana na uongo. Ningekuwa mimi ndiye niliyesimama stendi, ningeamini kweli mambo ya bahasha? Nimetuma.

Mchana mama mkwe alikuja nilipokaa. Nikajua sasa yanakuja. Akachukua simu, akaigeuzageuza, akauliza kwa Kiswahili kabisa, ili niipate yote, "Hiyo bahasha ilikuwa wapi?" Nikamwonyesha pembe ya kioo, hakuna kitu tena. Akapatazama muda mrefu. "Hata mimi ningeona ni pambo," akasema, akainuka akaenda kutwanga.

Lile ndilo neno zuri nililopata leo.

Sasa simu yangu ina nafasi. Zote zilizobaki nimezihamishia kwenye daftari, nimezifuta. Nimeacha mbili tu, ile ya jina la Somoe na ile ya swali. Nafasi nane ziko wazi. Sikuwahi kufikiri kwamba kumtunza mtu sana ndiko kutakakomfungia mlango.

Kutakuwa na mtu anapita huko na kurudi, fundi, dereva, mwenye kuuza samaki wakavu. Nitaulizia. Mtu hakai Msumbiji bila kutafuta laini. Akiipata, namba yangu anaijua kwa kichwa, alijivunia hivyo siku zote. Na mwenye kukimbia kwa mkwe wake kutafuta picha hana hasira tu, ana kitu kingine pia. Naandika hivyo ili nikisoma tena nisisahau.

Somoe ameamka. Anagonga viatu vyake kimoja kwa kingine, anacheka mwenyewe. Alipoiona simu amenyoosha kidole kwenye ile pembe ya kioo, anangoja. Nimemwambia leo baba hakonyezi. Haelewi, bado anangoja.

Asubuhi nitapanda naye kichuguuni, hata ikiwa mvua. Simu sitaizima tena, chaji ikiisha iishe. Na nikisikia namba yake imeshika, sitabipu.

Nitapiga, aipokee, anisikie ninavyosema.