Wameugeuza Mzunguko, Mlima Umebaki Mgongoni

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hukunizidi nipe yangu, ila naomba msaada kabla sijapasuka.

Mimi ni fundi cherehani mstaafu, shule niliiacha mapema kwa sababu tulikuwa hatuelewani, lakini baiskeli naiendesha tangu meno yangu yote yalipokuwa yangu. Mkwe wangu, mume wa binti yangu mkubwa, ni bwana wa ofisini, tunamwita Ramani kwa sababu hawezi kwenda hata msalani bila simu kumwelekeza, na ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha baiskeli, basi mwaka huu wakanijia wakasema baba, wewe unazijua hizi barabara, tupangie mzunguko mgumu wa kutwa nzima, wenye mlima wa kutazama. Nikafurahi kama mjinga. Nikaupanga kwa miguu yangu, nikaenda mwenyewe nikaupima: unatoka mjini, unavuka daraja la chuma, unaupanda mwinuko wa machimbo ya kokoto, ule unaokufanya ukumbuke madhambi yako yote kwa mpangilio, halafu ukifika juu, ulimi nje, barabara inanyooka na mlima unakujia usoni mzima mzima, unakwenda nao hivyo mpaka macho yashibe, ndipo unashuka taratibu upande wa msituni mpaka nyumbani.

Mshauri, wameugeuza! Ramani katazama kimchoro kwenye simu, kasema mwinuko ni mkali mno, tuanzie msituni, machimbo tutayashuka mwishoni. Nikamwambia, "Mkwe, kwa hiyo tunakwenda kuutazama mlima kwa visogo?" Akanijibu kwa adabu, maana ana adabu ya kukera huyo, "Baba, tutasimama, tutageuka, tutapiga picha." Watageuka! Ni sawa na kwenda kumtazama bibi harusi halafu ukampa mgongo, ukasema sura yake nitaiona kwenye picha.

Nikameza. Wiki hiyo hiyo wakaniletea fulana za kikundi nizishonee majina mgongoni, nikashona moja moja, ya mwisho wakasema iandikwe MLEZI. Nikauliza huyu mlezi ni nani, aje nimpime kifua. Kumbe mlezi ni mimi! Mlezi, mshauri, ni mtu anayepanda gari la nyuma pamoja na ndizi na maji, akapungia watu mkono. Nimlee nani? Mwenyekiti mwenyewe ana ndevu mpaka masikioni! Na ile herufi ya mwisho nilikuwa nimeitilia nakshi.

Mke wangu badala ya kunitetea akasema, "Vaa fulana yako mzee, kula ndizi, wenzako hata gari la kuwapeleka kliniki hawana." Binti yangu, ambaye siku hiyo ataongoza mbele kabisa maana mtoto yule hana breki moyoni, naye akasema, "Usinune baba, hiyo ni heshima." Heshima gani ya kuketi na ndizi?

Sasa nimepanga hivi. Siku yenyewe nitasema tumbo linanikata, wakishaondoka natoa baiskeli, naufuata mzunguko wangu kwa upande wake halali, nikutane nao uso kwa uso pale machimbo, wao wakishuka, mimi nikipanda, niwapungie mkono kilezi wanione.

Na kuna jambo dogo. Ile kona ya machimbo malori yameimwagia kokoto, kona nzima. Juzi nilizipita kwa sababu nilikuwa napanda kwa kujikokota, ila kwa anayeshuka ni kama kukanyaga punje za mahindi sakafuni. Sijawaambia. Si wanajua kila kitu? Simu itawaambia.

Je, niendelee na mpango wangu, au nivae ile fulana?

Ni mimi, Mlezi wa Kulazimishwa.

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, shikamoo. Umenizidi umri, na ndiyo maana umeniudhi zaidi.

Nilipoanza kukusoma nilikuwa upande wako. Mtu akikuomba umpangie njia hana haki ya kuipindua bila kurudi kwako, na cheo ambacho hukuulizwa ni njia ya kukuweka kando kwa tabasamu. Mkwe wako amekosea. Mkeo na binti yako nao waache kukunyamazisha kwa ndizi. Nilishakunja mikono ya gauni nikupiganie.

Halafu nikafika kwenye hilo jambo lako dogo.

Hebu soma barua yako mwenyewe. Nani ataongoza mbele? Binti yako. Nani hana breki moyoni? Binti yako. Umeandika wewe, si mimi. Anakwenda kushuka kwa kasi kwenye kona iliyojaa kokoto, baba yake anajua, na baba yake amefunga mdomo ili simu iaibike! Na wewe utakuwa wapi? Katikati ya kona hiyo hiyo, mkono mmoja hewani, ili asipoangushwa na kokoto aangushwe na kukukwepa wewe. Huo si utani, mzee. Aibu!

Habari ya tumbo isahau. Leo hii nenda kwa mkwe wako, usimtume mkeo, usimpigie. Mwambie kona ya machimbo ina kokoto, anayeshuka ataanguka. Basi. Usichanganye na visogo wala bibi harusi, maana akisikia kinyongo hatasikia kokoto. Kisha mchukue kwa baiskeli mkaione, mkiipanda kutoka chini. Akizikanyaga kwa gurudumu lake hatahitaji kuhubiriwa. Mkifika juu, funga mdomo, mwache atazame mbele yake.

Kama baada ya hapo bado anataka kushuka huko, wasiende mpaka kona ifagiwe, na hilo usilegeze hata akikuita majina. Kuhusu ulezi, kataa mbele ya kikundi kizima, ukiwa umekaa juu ya baiskeli yako, kwa maneno machache. Hasira yako ni halali na hakuna anayekunyang'anya, utakuwa nayo hata kesho. Ila binti yako ana mwili mmoja.

Mbona bado unasoma? Inuka.